Kichwa Kilichopigwa kwa Jina Langu

Siku hizi hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kuingia bwenini bila picha ya mishipa. Unachomwa sindano ya dawa, unapigwa eksirei, kisha kompyuta inafuta mifupa yote na kubakiza mishipa ya damu tu. Mimi na rafiki yangu Tendwa, kwa kujali maendeleo ya sayansi, tulibadilishana kadi za majina kabla ya kupigwa picha, ili tuipime mashine akili.

Asubuhi, mstarini, matroni alisoma jina moja.

"Lutengano Mwaseba. Mshipa umevimba kichwani, unaweza kupasuka wakati wowote. Usikimbie. Gari la hospitali linakusubiri."

Lutengano ni mimi.

"Pole, marehemu," Tendwa akaninong'oneza akicheka. "Godoro lako narithi mimi."

"Tendwa, nani aliingia na kadi yangu?"

Kicheko kikamkatikia kooni. Akainua mkono, akagusa upande wa kichwa kama anayeshika yai.

"Usiseme," akanisihi. "Watatufukuza."

"Lutengano, husikii?" matroni akaita.

Nikamshika Tendwa mkono, nikamtoa mstarini.

"Mnayemtaka ni huyu, matroni."

Tukatembea taratibu mno, nisije nikamtikisa.