Lala Tu, Wilf

Jirani yetu Ogden, aliyekuwa naye vitani, anadai kaka yangu Wilf alipigwa risasi kule Ufaransa akafa papo hapo, bila neno. Kwa ajili hiyo Mama humkaribisha chai.

Leo akajisahau. "Mcheshi yule. Kutwa nzima kanasa kwenye seng'enge, anaita, 'Dada, niamshe, geti la kiwanda linafungwa.' Nami handakini namjibu, 'Lala tu, Wilf, leo hakuna kazi.'"

Mama alikuwa jikoni. Mimi niliendelea kunyoosha waya za ncha ya mwanzi wangu, huu ninaogongea madirisha ya mtaa kila alfajiri ili watu wawahi kiwandani.

Ogden akavaa kofia.

"Kesho nigongee kwa nguvu, binti. Msimamizi kaapa, nikichelewa tena sina kazi. Utanigongea, eh?"