Breki ya Safari ya Kasai

Vijana wa mji walikuwa wamewapa Wakasai hadi Jumamosi wawe wamehama. Lakini walifika langoni kwa Muamba Alhamisi, na gari lake lilikuwa bado limefunguliwa breki.

Alikuwa ameng'oa servo ya zamani, ile inayolainisha breki, akafunga kubwa zaidi, maana gari lingebeba watu kumi na mmoja. Lakini injini ya mazuti, yaani dizeli, haiwezi kunyonya hewa ya servo bila pampu, na pampu ilikuwa kwa fundi wa Musonoi, ng'ambo ya kizuizi cha vijana. Mpira wa pampu ulining'inia mtupu, ukidondosha oili.

"Tata Muamba, toka sasa," jirani yake alisema bila kumtazama. "Mi siwezi tena kubazuia bale vijana."

"Breki iko nguvu sana kukanyaga, tata. Na kule ku gare, ku stesheni ya treni, ni mutelemuko."

"Najua. Toka tu."

Watoto walikwisha kupanda juu ya magodoro. Muamba alikanyaga pedali kwa miguu miwili; ikashuka nusu ya kidole, ikagoma.

Mkewe alivua viatu, akasogea, akaweka nyayo zake juu ya miguu ya mumewe; pedali ikashuka zaidi.

"Washa," akasema.

Wakaachia pedali. Kabla Muamba hajagusa ufunguo, gari lilisogea. Jirani alikuwa akisukuma kwa nyuma.