Kikohozi cha Filbert

Kila aliposikia hatua barazani, Filbert alikohoa mara mbili.

Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya korona. Alirudi Kibosho kwa bibi yake, Lukresia, akiwa na mtihani wa marudio kichwani na usingizi uliokataa kuja. Bibi alimpokea kwa panga: majani ya ng'ombe yalikuwa yakimngoja. Jioni hiyo alimlalamikia Basili, mwenzake wa darasani aliyekuwa kwao mtaa wa Soweto, mjini.

"Kohoa, mwanangu," Basili alimjibu kwenye simu. "Mwaka huu kikohozi ni ruhusa."

Akakohoa. Bibi alisimama nje ya mlango, fimbo yake ikigonga saruji.

"Kaa humo humo, mjukuu wangu. Chakula kitakufuata."

Kikamfuata. Asubuhi na jioni sahani iliwekwa chini, ikagongwa kwa kijiko, kisha hatua nyepesi zikaondoka. Filbert alilala, akacheza gemu kwenye simu, akalala tena. Moyo ukaacha kumwenda mbio. Mtori wa ndizi ulizidi chumvi kuliko alivyouzoea, lakini aliumaliza. Kupitia dirishani alisikia panga likikata majani kule migombani. Akageukia ukuta.

Kisha usingizi ukakimbia tena. Safari hii haikuwa mtihani. Mwanamke aliyekaribia miaka themanini alikuwa akikata majani, akipika na kumsalia rozari kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuwapo.

Jumapili alichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Mtu akiletewa isale hakatai kusamehe. Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alilishika kwa mikono miwili, akavuka uwanja.

Mlangoni mwa Bibi alikutana na Hellen, jirani yao, barakoa usoni, panga kwapani, sahani ya mtori mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Namtafuta Bibi."

"Marahaba. Punguza sauti." Hellen alirudi nyuma hatua moja. "Umeinukaje na hali hiyo? Alinikataza nisikuambie. Kifua kimembana tangu wiki ile ulipoanza kukohoa."

"Na hospitali?"

"Gari la jirani Sifael liko barabarani tangu asubuhi. Amegoma kupanda. Anasema mgonjwa wa nyumba hii ni wewe, utangulie wewe."