Tabasamu Mia Tisa na Arobaini

Barua ya kumwachisha kazi karani wa dirisha la pili ilikuwa imeshapigwa muhuri. Ilibaki kumwaibisha tu mbele ya wenzake, na kwa shughuli hiyo meneja wa ofisi ya maji alimwita fundi.

Kila dirisha lina kioo cha kugusa. Mteja akishahudumiwa, anatakiwa agonge uso wenye furaha au uso ulionuna, ingawa wengi hukipita bila hata kukitazama. Uso wenye furaha umejaa karibu kioo kizima. Ulionuna uko pembeni, mdogo kama kunguni. Ndivyo meneja alivyoagiza. Mwezi ule dirisha la kwanza, la shemeji yake, lilipata tabasamu mia tisa na arobaini. La pili lilipata nne.

"Waeleze kama watoto," meneja alimwambia fundi. "Wasije wakasema mashine ina upendeleo."

Fundi alijikuna kichwa. "Ndani ya kioo kuna nyaya nyembamba, zingine zimelala, zingine zimesimama. Hazigusani, ila zinapeana umeme kidogo, kama majirani wanaopeana sukari juu ya ukuta. Ukileta kidole, unachota kidogo. Jirani anayepokea anaona imepungua, basi mashine inajua umegusa hapo."

"Kwa hiyo haidanganyi!" meneja alishangilia. Shemeji, aliyeingia saa nne kama kawaida yake, alikuwa anapuliza kucha zikauke.

Karani wa dirisha la pili alikuwa na watoto watatu na hana mtu wa kumlilia. Alisogea karibu na kioo. "Fundi, lazima kiwe kidole?"

"Wala. Chochote chenye majimaji, mtu akikishika, kinachota vilevile."

Mama wa usafi, aliyesimama mlangoni na ndoo yake, aliangua kicheko. "Kumbe! Ndiyo maana kile cha dirisha la kwanza, kila nikikisugua na kitambaa, kinaniandikia asante kwa maoni yako!"

Meneja alimkata jicho. "Na cha dirisha la pili hukisugui?"

"Nitakisugua saa ngapi, bosi, na watu wamejaa pale tangu mnafungua mpaka mnafunga?"