Kinyozi, Kabati na Keki ya Watu

Mjinga wa siku ile alikuwa kinyozi mwenyewe, na baadaye alikiri bila kulazimishwa. Lakini saa nne asubuhi, mikono ikiwa juu kama ya mtu aliyekamatwa na polisi, bado aliamini kuwa mjinga ni fundi.

Mikononi alishikilia kabati la jikoni. Chini ya kabati, juu ya kaunta, ilisimama keki ya harusi ya ngazi tatu, nyeupe pepepe, na waridi la sukari kileleni. Mkewe aliihangaikia siku nne. Saa sita shangazi wa bi harusi angekuja kuichukua.

"Ukuta ule usiuguse mpaka keki itoke," mkewe alimwambia akienda kununua utepe. Kinyozi aliitikia kama mume mwema. Alipohakikisha ameshuka ngazi, akatoa drili ya kuazima. Keki ilikuwa nzito, kuisogeza peke yake aliogopa. Kazi ya dakika kumi, alijiambia, ya nini kuhangaika?

Kabati alilipata kwa bei ya kutupa, kwa watu waliokuwa wakivunja jiko lao la zamani. Kilichomchoma ni kulifunga. Jumamosi alimwita fundi seremala, mteja wake wa miaka, nao wakaanza kazi kabla ya kupatana. Fundi alikaza ubao mmoja ukutani na mwingine mgongoni mwa kabati, ndipo akataja bei. Ilikuwa kubwa kuliko ya kabati lenyewe. Kinyozi akauliza kama skrubu zake ni za dhahabu. Maneno yakazidi, fundi akabeba mfuko wake, akasema mbao zake atazifuata siku nyingine.

Kinyozi alijaribu kuzing'oa kwa nyundo. Hazikutikisika. Tena hata kukata hakujua yule bwana: kingo zote mbili zilikwenda mshazari, kama zimekatwa na mlevi. Basi zifichwe hukohuko nyuma, kinyozi akaamua.

Akalinyanyua kabati, akalibandika ukutani. Likatoa sauti, kach, likashuka kidogo, likatulia. Moyo wake haukutulia. Alijua kuna kilichovunjika, na kwamba kuanzia hapo kinacholizuia lisiiangukie keki ni mikono yake tu.

Drili ilikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kuibusu, ila mkono wa tatu hakuwa nao. Simu iliita mara mbili mfukoni mwa suruali, ikachoka. Nzi akaja kuzunguka waridi. Kinyozi akampuliza kwa uangalifu wa mtu anayepuliza chai ya mtoto. Pua ikamwasha. Mabega yakawaka moto, kisha yakafa ganzi. Akaanza kulibembeleza kabati kama anavyowabembeleza watoto wasumbufu kwenye kiti chake: tulia mwanangu, tulia, tunamaliza sasa hivi.

Kibaya zaidi, juu ya kichwa chake kulikuwa na drili nyingine ikinguruma. Fundi yuleyule alikuwa ghorofa ya juu, kwa jirani. Kila iliponyamaza, kinyozi alifungua mdomo amwite, na kila mara aibu ikaufunga. Ilipofika saa tano na nusu aibu ikamwishia. Akapiga kelele dirishani.

Fundi alishuka bila haraka, akasukuma mlango, akachungulia pembeni mwa kabati. Kisha akavuta kigoda, akaketi.

"Fundi, nisaidie, nakufa."

"Nakuona. Hebu niambie kwanza. Mtu akijinyoa mwenyewe nyumbani, akaharibu kisogo, akaja kwako umrekebishe, unamtoza ngapi?"

Kinyozi hakutaka kujibu. Bei hiyo aliiandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, ukutani mwa duka lake.

"Mara mbili," akasema.

Fundi alisema yeye hana roho hiyo, bei ile ya Jumamosi inamtosha. Kinyozi akaomba apunguziwe nusu. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, tone likaning'inia juu ya waridi. Fundi akalitazama lile tone.

"Yote," kinyozi akasema upesi. "Nalipa yote."

"Haya. Achia."

"Niachie nini?"

"Kabati. Shusha mikono."

Kinyozi akaapa kuwa hathubutu, ile ni keki ya watu. Fundi akasimama, akanyoosha kidole kimoja, akamtekenya kwapani.

Mikono ikaanguka yenyewe. Kinyozi akafumba macho, akangoja kishindo. Akangoja tena. Alipofumbua, kabati lilikuwa palepale, limenyooka, na keki chini yake haijapungua hata petali.

Akalisukuma. Akalivuta. Halikucheza: kwa nyuma zile kingo za mshazari zilikuwa zimeng'atana, ubao wa kabati umeukalia wa ukutani. Akakaa sakafuni akicheka, akisugua mabega, mpaka wazo likamjia na kicheko kikakatika. Akamweleza fundi kwamba kumbe kabati amelifunga yeye, kwa mikono yake mwenyewe. Fundi leo hajagusa kitu, hata bisibisi hajaitoa, sasa alipwe ya nini? Labda ahsante, na kunyolewa bure mara moja.

Kwenye ngazi ikasikika sauti ya mkewe, akimwambia shangazi wa bi harusi aangalie asijikwae.

Fundi akatoa bisibisi mfukoni.

"Sawa kaka, sikudai," akasema. "Linyanyue tena basi, nichukue mbao zangu."