Nguzo ya Mikanda Saba

"Shikamoo, mzee. Mikanda mingapi?" Klementi alipiga kelele kwenye simu.

"Marahaba. Mitano, mwanangu."

Mitano! Mita tano za maji! Yeye ndiye mpimaji wa mawimbi, yuko Lindi, na boya lake la kupimia lilikuwa limekatwa na kimbunga tangu asubuhi. Mtambo wote ule, kimya. Kilichobaki ni nguzo ya chuma ufukweni Kinjumbi, imepakwa mikanda saba, kila mkanda mita moja. Modesti, anayeisoma kila siku, alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika. Basi leo msomaji ni Mzee Mudathiri, mwadhini, aliyejifungia juu ya mnara wa msikiti na kugoma katakata kushuka.

Simu ya pili ikalia. Ni dada yake, Getrude, mtendaji wa kijiji hicho cha Kinjumbi. Tangu jana alikuwa kilimani na wanakijiji wote, maturubai yamepeperuka, mvua inawapiga.

"Kaka, kichanga cha Angela kimebadilika rangi. Hakilii tena. Tunakufa kwa baridi huku! Turudi majumbani au tusirudi?"

"Ngoja kidogo, dada."

"Kidogo mpaka lini?"

Akakata simu. Akampigia mzee.

"Imebaki minne."

Akakaa robo saa nzima akitafuna kucha, mtu mzima na shahada yake. Akapiga tena.

"Imebaki miwili. Tumwombe Mungu, mwanangu."

"Anasikia, mzee, anasikia!"

Hapo Lindi hata upepo ulikuwa umelegea. Mita mbili Kinjumbi huziona kila masika, hazifiki hata kwenye nyumba ya kwanza. Akampigia Getrude.

"Shukeni. Watoto waingizwe ndani, washeni moto."

Akasikia kijiji kizima kikishangilia, kisha vishindo vya miguu kwenye tope.

Baada ya nusu saa ujumbe ukaingia: wote wamefika, moto unawaka, kichanga kinanyonya. Klementi alilia waziwazi, wala hakuona haya. Akampigia mzee, safari hii kumshukuru tu.

"Mikanda mingapi sasa, mzee wangu?"

"Hakuna, mwanangu. Nguzo yote imezama."