Maneno Yasiyo Kwenye Filamu

Midomo ya mwenye ndui kwenye skrini ilikuwa imefungwa kabisa, lakini sauti nyuma ya pazia iliendelea: "Mama, miye niko muzima. Unifungulie mulango."

Ukumbi mzima ukalia.

Kwenye ukumbi wa video wa Casimir, hapa mtaa wa Katuba, Lubumbashi, filamu hutazamwa hivyo. Picha ni za Ulaya ya kale, ya wafalme na magari ya farasi. Sauti ya Kifaransa hupunguzwa, na mtafsiri mmoja aliyejificha nyuma ya pazia huwasemea wote kwa Kiswahili: mfalme, muuza chumvi, hata mbwa.

Mama Kapinga alilia kuliko wote. Pembeni yake alikaa Mama Jeanne, ambaye mwanawe angemwoa Benita, binti wa Kapinga, Jumamosi ijayo. Ukoo wa Jeanne ni wa watu wanaochunguza. Mara mbili walikuwa wameuliza kama kwa kina Benita kuna kilema au laana, na mara mbili Kapinga alijibu hakuna, ila msiba mmoja tu: mwanawe Michée, aliyemzika Likasi kabla hawajahamia Lubumbashi.

Kwenye skrini, mama wa mwenye ndui alikuwa akiwaapia watu wa sokoni kwamba hana mtoto.

"Mama ya namna gani huyu?" Jeanne alifoka, kitambaa kikiwa kimelowa. "Anaficha mutoto wake! Moyo yake iko jiwe, vraiment."

"Bantu beko bakali, mama," Kapinga alijibu, akiulaumu ukali wa watu wa sokoni.

Jeanne akamshika mkono. "Pole. Najua unamuwaza Michée. Uchungu ya mutoto, njo muzazi anajuaka."

Basi wakalia pamoja, wakwe wawili, na Kapinga akajua moyoni kwamba ndoa imepona.

Mwenye ndui alifia nje ya mlango wa mama yake. Taa zilipowashwa, watu walipiga makofi, na Jeanne akasimama. "Papa Casimir, ule mwenye kutafsiri atoke! Tumupe mukono."

Casimir alimtupia Kapinga jicho, kisha akainama kuzungusha waya. "Hatokake, mama. Iko na haya."

"Haya ya nini, na sauti muzuri vile?" Jeanne alicheka, akafuata wenzake nje.

Hatua chache barabarani, Kapinga alijipiga paji la uso: amesahau kitambaa ndani. Wamtangulie tu, atawafikia.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Alipita kati ya mabenchi, akainua pazia, akatoa kwenye mkoba wake bakuli la ugali wa bukari na samaki, akaliweka sakafuni mbele ya kijana aliyeliwa na asidi uso mzima, isipokuwa mdomo.

Machozi ya filamu yalikuwa hayajamkauka Kapinga mashavuni.

"Michée," alisema, akitazama ukuta, "ile maneno haikuwa mu filme. Usiseme tena."